Kitagawa Daiichi: nani alimwangusha Kageyama?

Mashabiki wa Haikyuu!!, hadithi ya katuni ya Kijapani iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 2012 hadi 2020, wana shule moja wanayoihukumu haraka kuliko zote. Ni Kitagawa Daiichi, shule ya kubuni ya sekondari ya chini katika mkoa wa Miyagi, ya watoto wa miaka 12 hadi 15, yenye timu ya mpira wa wavu inayotisha mkoa mzima. Humo ndimo alimotoka Kageyama Tobio, seta wa kipaji cha ajabu (seta ndiye anayewainulia wenzake mpira ili waupige), ambaye wenzake walimpachika jina la Mfalme wa Uwanja. Halikuwa jina la sifa. Walimaanisha dikteta.

Tukio linalobishaniwa ni la fainali ya mkoa, mwaka wake wa mwisho pale. Kageyama anawainulia washambuliaji mpira wa kasi, na hakuna anayeruka. Mpira unaangukia sakafuni upande wao wenyewe. Kocha anamtoa, anakaa benchi, na timu inapoteza mechi bila yeye. Kundi moja la mashabiki linasema shule ilimharibu mtoto. Jingine linasema mtoto alijiharibu mwenyewe, shule ilifanya nini?

Nianze na wanaoitetea shule, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko inavyopewa. Kwenye mpira wa wavu huwezi kushika mpira ukasubiri. Timu ina migusano mitatu tu, na kwa kawaida wa pili ni wa seta. Washambuliaji wakikataa kuruka, seta mwenye mikono ya dhahabu hana kazi uwanjani. Kageyama alikuwa akiwaamrisha wenzake waruke juu zaidi, wakimbie haraka zaidi, waufuate mpira wake badala ya yeye kuwafuata wao. Kindaichi na Kunimi, washambuliaji wake, walikuwa watoto wa miaka 14 na 15 waliochoka kufokewa na mwenzao, na walikuwa na haki ya kuchoka. Kwa hesabu za mechi ile, kocha hakuwa na njia nyingine. Ningekuwa mimi, ningemtoa pia.

Lakini timu haifikii kumsusia seta wake kwa siku moja. Ufa ule ulikuwa ukipanuka kwenye kila mazoezi, mbele ya macho ya watu wazima, na hadithi haituonyeshi popote mtu mzima wa Kitagawa Daiichi akimweka kijana yule chini na kumwuliza kuna nini. Tena kilikuwepo cha kuuliza. Sura za mwisho zinafichua kwamba babu yake, ndiye aliyemfundisha mchezo, alifariki Kageyama akiwa bado kwenye shule hiyo.

Rudi nyuma miaka miwili, uone jinsi kisa kinavyofanana. Kageyama ni mwanafunzi mpya, na seta wa timu ni Oikawa Tooru, aliye mwaka wa mwisho. Oikawa amefungwa tena na tena na shule pinzani ya Shiratorizawa, yenye nyota Ushijima, na sasa nyuma yake kuna mtoto anayejifunza kwa kasi ya kutisha. Kwenye mechi ya mazoezi anaanza kukosea, kocha anamtoa ili kichwa kipoe, na anayeingia badala yake ni Kageyama huyo huyo. Jioni, ukumbi ukiwa karibu mtupu, Kageyama anamwendea na mpira mkononi, anaomba afundishwe kupiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha mchezo. Oikawa nusura ampige. Anayeudaka mkono wake ni Iwaizumi, rafiki yake wa utotoni, na ni Iwaizumi anayemkoromea kwamba uwanjani wako sita, si yeye peke yake. Kuanzia pale Oikawa anabadilika, na anamaliza shule na tuzo ya seta bora.

Maseta wawili, vichwa viwili vilivyochemka, na mara zote mbili dawa ya kocha ni ile ile: toka nje. Mmoja alipona kwa sababu alikuwa na Iwaizumi. Mwingine hakuwa na mtu. Kwangu mimi lawama ya Kitagawa Daiichi iko hapo, na wala si kwenye ukali wa mazoezi ambao wengi huutaja kwanza. Shule ilifundisha mpira kwa kiwango cha juu, ikawaachia watoto kazi ya kuleana wenyewe kwa wenyewe.

Je, basi shule za namna hii zisiwepo? Hapo siendi. Hadithi yenyewe inatuwekea upande wa pili wa mizani, nao ni Yukigaoka, shule ya Hinata Shoyo, mhusika mkuu wa hadithi. Huko klabu ya wavulana ilikuwa jina tu. Kwa miaka mitatu Hinata alifanya mazoezi na yeyote aliyemkubali: wasichana wa shule, na hata timu ya akina mama wa mtaani. Katika mechi yake rasmi ya kwanza, timu yake ilikuwa ya wanafunzi wapya watatu wa mwaka wa kwanza pamoja na marafiki wawili, mmoja wa mpira wa kikapu na mwingine wa miguu. Kitagawa Daiichi iliwafunga 25–5 na 25–8. Hinata anaingia sekondari ya juu akiruka kuliko wote, lakini hajui kupokea sevu vizuri, jambo ambalo wenzake wa Kitagawa walilimaliza wakiwa wadogo. Wanaosema watoto waachwe wacheze tu, hawajamtazama kijana huyu vya kutosha. Kukosa programu nako ni kunyimwa.

Na mjadala huu si wa katuni pekee. Japani halisi iko katikati yake. Mwishoni mwa 2012 mwanafunzi wa miaka 17 wa sekondari ya juu mjini Osaka, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu, alijiua baada ya kupigwa na kocha wake, ingawa sheria ya elimu imekataza adhabu ya viboko na vipigo tangu 1947. Mwaka 2018 serikali ilitoa mwongozo wa klabu za shule: angalau siku mbili za mapumziko kwa wiki, mazoezi yasiyozidi takriban saa mbili siku za kazi na tatu siku zisizo za masomo. Mwaka 2022 shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuona kiu ya ushindi imepita kiasi. Kuanzia 2023 mazoezi ya wikendi ya sekondari za chini yameanza kuhamishwa hatua kwa hatua kutoka shuleni kwenda kwa klabu za mitaa.

Wanaounga mkono mageuzi wana hoja nyingine isiyohusu vipigo: walimu wamezidiwa. Utafiti wa 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, ulionyesha mwalimu wa sekondari ya chini Japani akifanya kazi saa 56 kwa wiki, na 7.5 kati ya hizo ni za shughuli za nje ya masomo, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ni 1.9. Sasa mwalimu wa aina hiyo, arudi nyumbani usiku na bado awe na moyo wa kugundua kwamba seta wake hasemeshwi na mtu? Klabu za mitaa zinaweza pia kuwaokoa akina Hinata, maana watoto wanapungua na shule nyingi haziwezi tena kufikisha wachezaji sita.

Watetezi wa mfumo wa zamani hujibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, nao hawasemi uongo. Ishikawa Yuki, nahodha wa timu ya taifa ya mpira wa wavu iliyotwaa fedha ya Ligi ya Mataifa 2024, alitoka sekondari ya Seijoh iliyonyakua mataji yote matatu ya kitaifa ya shule, 2012 na 2013 mfululizo. Takahashi Ran, naye wa timu ya taifa, alikuwa bingwa wa shule za kitaifa na sekondari ya Higashiyama ya Kyoto Januari 2020. Ila kwenye kizazi hicho hicho yumo Nishida Yuji, aliyesoma mkoani Mie katika shule isiyokuwa miongoni mwa vigogo. Njia zote mbili zilimfikisha mtu kwenye timu ya taifa.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mageuzi yanapima saa, na tatizo la Kitagawa Daiichi halikuwa la saa. Mtoto anaweza kutengwa na timu nzima ndani ya saa mbili zilizoruhusiwa, kila jambo likiwa kwa mujibu wa mwongozo. Shuleni angalau kuna mwalimu anayemwona darasani, kwenye chakula cha mchana, kwenye korido. Kocha wa klabu ya mtaa atamwona Jumamosi na Jumapili, kisha kila mmoja anakwenda kwao. Akikuta mpira umeangukia sakafuni na hakuna aliyeruka, atakuwa na wiki nzima ya kusubiri kabla ya kumwuliza kilichotokea.