Msing'oe injini ya D4D kwa sababu ya hofu

Jumamosi asubuhi Njombe huwa na baridi ya kuuma vidole, na ndiyo asubuhi ninayoitumia kumwaga maji kwenye chujio la dizeli la pikapu yangu. Nafungua boneti, naweka chupa tupu chini ya chujio, nalegeza nati ya plastiki iliyo kitakoni, kisha nabonyeza ile pampu ndogo ya mkono mara nne tano. Dizeli inachuruzika. Nafunga nati, nainua chupa juani na kusubiri itulie. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo baada ya dakika chache vitu hujitenga vyenyewe: juu rangi ya asali, chini maji, na katikati mstari ulionyooka kama umekatwa kwa wembe.

Wiki nyingi sioni maji. Mwaka juzi, nilipotoka Ludewa, yalifika vidole viwili.

Siku ile niliishiwa mafuta kijijini nikanunua madumu mawili kwa mtu anayeuza kando ya barabara. Lita 40. Nilikwenda kama kilomita sita hivi, taa ya chujio ikaanza kumweka kwenye dashibodi, gari likapoteza nguvu kwenye mwinuko, likazima. Nyuma nilikuwa na mifuko ya mbolea, jua linazama. Nilimwaga maji mara tatu kwa kutumia chupa ya soda niliyookota, nikapampu kwa mkono hadi pampu ikawa ngumu, likawaka. Usiku ule niliamini kabisa kwamba nozeli zote nne, zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zimekufa.

Pikapu yenyewe ni Hilux double cabin ya 2008, namba C, injini ya 1KD, lita 3 yenye turbo, ile ambayo mitaani tunaiita D4D. Niliinunua kwa mtu, nikiwa wa tatu kwenye kadi, au angalau wa tatu kati ya wale walioandikwa. Inabeba viazi, mbolea na ndugu. Tangu wiki ile ya Ludewa nimepewa ushauri mmoja na watu wasiopungua kumi: toa huo umeme, funga 3L, ile dizeli ya zamani ya Toyota isiyo na kompyuta.

Aliyenishawishi zaidi ni mzee mmoja fundi, mtu mwenye heshima yake, ambaye hana cha kuniuzia. Nilimwamkia, akaitikia, akaisikiliza injini kwa dakika nzima bila kusema neno. Halafu akaniambia, "Kijana wangu, hii ni injini nzuri kwenye nchi yenye dizeli nzuri. Wewe unataka injini ya kulala usingizi." Nimelifikiria sana neno lake. Namheshimu, na bado sikubaliani naye. Naandika haya kwa sababu najua wapo wengi ambao mwezi huu wanakusanya fedha za kung'oa.

Kwanza tuseme ukweli alionao mzee. Kwenye 1KD, pampu inasukuma dizeli kwenye bomba moja la pamoja kwa mgandamizo unaofika bar 1,600. Tairi la pikapu tunalijaza upepo wa bar mbili, tatu. Ili kuhimili mgandamizo huo, vyuma vya ndani ya nozeli vinabanana mno kiasi kwamba kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Maji hayalainishi. Yakiingia, chuma kinakwaruza chuma na kutu inaanza. Nozeli za 3L zinafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya mgandamizo huo, pampu yake ni ya gia na springi, haina kompyuta, na ikila uchafu itatoa moshi na kukohoa lakini itakufikisha. Hapo mzee ana haki.

Ila hofu hii nadhani ina umri wake. Wanaokumbuka miaka ile neno "uchakachuaji" lilipokuwa kwenye kila gazeti wanajua tunachozungumzia. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, basi yakachanganywa humo. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana ulaini, na pampu ya mgandamizo mkubwa ikiyanywa kila siku haina maisha. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kufichua mchanganyiko, kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Sisemi kila kituo leo ni kisafi. Nasema kwamba mafundi wengi walijifunza kuiogopa D4D katika miaka mibaya kuliko yote kwa injini ya aina hiyo, na wakaturithisha hofu ikiwa nzima. Leo adui yangu mkubwa ni dumu na tangi la chini lililoingia maji ya mvua. Huyo naweza kumwona kwenye chupa.

Sasa angalia unachopewa badala yake. 3L ni cc 2,779, haina turbo, na inatoa nguvu za farasi kama 90. 1KD inapita 160. Ukiwa na tani moja ya viazi hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda na kutambaa, na gari linalotambaa kwenye mlima linapata joto na kumtia dereva tamaa ya kuovateki mahali pasipofaa ili asipoteze mwendo alioupata kwa taabu. Namba ya injini nayo imo kwenye kadi, kwa hiyo ukibadili injini una safari ya TRA, mamlaka ya mapato. Nyaya zinakatwa, na ukitaka kuuza baadaye mnunuzi anafungua boneti na kufunga mazungumzo.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni hiki: ile 3L unayouziwa imeshafanya kazi kwenye gari jingine. Hujui ilichemka mara ngapi, hujui hedi yake imekwanguliwa mara ngapi. Tunaiogopa injini tuliyonayo kwa sababu hatujui ilikotoka, halafu tunailipia nyingine ambayo hatujui ilikotoka vilevile, na safari hii tunailipia pia kufungwa.

Fedha hizo mimi nilizitumia kuijua niliyonayo. Mkanda wa taimingi nilibadilisha wiki ya kwanza, ingawa muuzaji aliapa kwamba umebadilishwa. Taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadilisha mkanda, ilikuwa imezimwa, na taa inazimwa kwa vidole bila kugusa mkanda. Mkanda huo ukikatika valvu zinagonga pistoni, basi sitaki kiapo cha mtu hapo. Kadiria pia kilomita kwa raba ya pedali ya klachi, maana dashibodi inaandika chochote mtu anachotaka.

Kisha kipimo cha nozeli. Kama hujawahi kukishuhudia, tafuta fundi mwenye vijana wanaosoma. Wangu alichomoa mirija midogo inayorudisha dizeli ya ziada, akafunga mirija minne mirefu iliyoingia kwenye chupa nne ndogo zinazofanana, akazining'iniza kwa waya mbele ya injini, akawasha. Tulisimama pale tukitazama dizeli ikipanda kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Nozeli iliyochoka inarudisha nyingi kuliko wenzake. Chupa ya kwanza, ya pili na ya nne zilikwenda pamoja. Ya tatu iliziacha kwa zaidi ya nusu. Kumbe tatizo langu lilikuwa nozeli moja. Nilikuwa nimeshaambiwa ninunue zote nne, na wengine walishaiandikia injini nzima hati ya kifo.

Fundi yuleyule alifungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, sehemu ambayo kila mwenye 1KD anapaswa kuitazama. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikichoka, moshi wa mwako unapenya na kuingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la waya ambalo pampu ya oili inanyonyea. Oili inaonekana imejaa kwenye kijiti, wakati juu injini inakauka. Wenye Hilux na Prado huko Australia wamelizungumzia hili kwa miaka mingi. Wengi tunaosema "D4D ilinoki ghafla" huenda tunazungumzia washa ambayo hakuna aliyeibadilisha kwa wakati. Chujio langu la oili lilikuwa limeziba kama robo hivi.

Kuhusu kuongeza vitu: chujio la pili lenye bakuli la kuonyesha maji, lililofungwa kabla ya lile la kiwandani, naliunga mkono kwa moyo wote, mradi klipu za mipira ziwe imara, maana likivuta hewa gari litazima njiani. Chipu ya kuongeza nguvu, hapana. Unaichochea pistoni yenye miaka zaidi ya kumi na tano ifanye kazi ambayo hata ikiwa mpya haikuahidi. EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, nimeisafisha, sikuiziba. Masizi yaliyokuwa kwenye manifoldi yalinifanya nielewe kwa nini wenzangu wanaziba, lakini usafi mmoja ulitosha kwa muda mrefu.

Jambo ninalotaka kulisema kwa sauti ni springi, kwa sababu ndilo kila mtu anafanya na karibu hakuna anayeambiwa matokeo yake. Nyuma gari lilikuwa linalala na viazi, nikaenda kuongezewa majani mawili ya springi kila upande. Likasimama vizuri. Nikapakia, nikashusha kwenda Dar. Kwenye mteremko wa Kitonga, kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, breki zikaanza kuwa laini na harufu ya pedi zilizoungua ikaingia ndani. Nilikuwa kwenye gia ya pili, nyuma yangu lori la mafuta. Nilishuka kwa gia hadi chini nikasimama, mikono inatetemeka. Ringi za mbele ungeweza kuchemshia chai. Za nyuma nilizigusa kwa kiganja, zilikuwa vuguvugu tu.

Chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, Hilux nyingi za umri huu zina valvu ya breki yenye fimbo nyembamba iliyoungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, fimbo inasogea na valvu inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza, ili tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Ukiongeza majani ya springi, bodi haishuki tena. Una tani nyuma, lakini valvu inaamini gari ni tupu, na breki za mbele zinabeba mteremko mzima peke yake. Aliyenifungia springi hakunigusia hilo hata kidogo. Kijana mwingine ndiye aliyeingia chini ya gari na tochi, akacheka kwa uchungu, akarekebisha urefu wa ile fimbo kufuata kimo kipya. Kazi ya nusu saa. Tulipakia mifuko ileile, tukajaribu kwenye mteremko mfupi, na mara hii ringi za nyuma zilikuwa na joto lake.

Kwa hiyo kama umeongeza majani, au umeinua gari kwa inchi mbili ili lipendeze, tafadhali lala chini leo uitafute fimbo hiyo kabla hujapakia tena. Ukikuta imekatwa au imefungwa waya, na kuna magari ya hivyo, usiliendeshe mlimani.

Washa za shaba za nozeli zote nne nimeshazipata mtaa wa Gerezani, Dar, pamoja na sili zake za juu. Fundi amesema nilifikishe gari Ijumaa jioni lilale gereji, ili Jumamosi saa moja aanze injini ikiwa ya baridi. Wiki hii chupa yangu ataimwaga yeye.