Hali ya Ndoa: Alhamdulillahi

Mjomba, mtu wa Kisauni, Mombasa, aliyehamia Minnesota kule Marekani zamani, aliamua kumpa mwanawe nyumba angali hai, "wasije wakatoana macho hitimani." Mimi nikaitwa kutafsiri. Nilipofika alikuwa keshaijaza hati yote kwa mkono wake, na mwandiko wa Mjomba ni mzuri, hilo hata mahasimu zake hawabishi.

Fomu yenyewe haikuwa na kasoro. Minnesota ina fomu rasmi za kuhamisha mali, na kwa zawadi ya baba kwa mwana wengi hutumia hati ya kuachia haki. Mtoaji humpa mpokeaji chochote alicho nacho katika nyumba hiyo, bila dhamana yoyote kwamba anacho. Mjomba aliipenda mno. "Hata kumlea nilimlea hivyo hivyo," akasema.

Balaa lilianzia kwenye maelezo ya mali. Pale anwani ya mtaa haitoshi. Yanatakiwa maelezo ya kisheria: kiwanja namba kadhaa, kitalu namba kadhaa, jina la ramani ya viwanja iliyosajiliwa, na kaunti. Mjomba alikuwa ameandika kama zilivyoandikwa hati za babu zake: kaskazini imepakana na mwalimu mstaafu, kusini na yule mwenye mbwa wawili, mashariki barabara, magharibi mti mkubwa uliokatwa. Nikamwambia anakili kutoka hati aliyonunulia nyumba, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Asithubutu kunakili kutoka bili ya kodi, maana humo maelezo mara nyingi hufupishwa, na kilichofupishwa hurudishwa.

"Na mti?"

"Mti si umekatwa, Mjomba?"

"Ndiyo maana uandikwe. Ungekuwapo, kila mtu angeuona."

Juu kidogo fomu inauliza hali ya ndoa ya mtoaji. Mjomba alikuwa amejibu: Alhamdulillahi.

Swali hilo si la umbea. Kwa sheria ya Minnesota, nyumba wanayoishi mume na mke haihamishwi kwa saini ya mmoja, hata kama hati ya zamani ina jina la mume peke yake. Kwa hiyo mtoaji aseme hana mke, au aseme anaye, amtaje, na mke naye atie saini. Mkaza mjomba alikuwa jikoni. Nilipomweleza, alizima jiko.

"Yaani bila mimi haiendi?"

"Haiendi, Mama."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akataka nimsomee tangu mstari wa kwanza. Bomba la bafuni lililokuwa likivuja miaka lilitengenezwa jioni ile ile.

Kisha kuna visima. Fomu ina visanduku vitatu: mtoaji hajui kisima chochote kwenye mali hiyo, au cheti cha visima kimeambatishwa, au hali na idadi ya visima haijabadilika tangu cheti cha mwisho. Unatia alama kimoja. Mjomba alivitia vyote, kwa sababu vyote ni kweli. Hapa Minnesota hajui kisima. Cha kwao Kisauni anakijua, na ameambatisha picha. Na idadi haijabadilika, kilikuwa kimoja na kimoja ndicho. Kumbe mjadala wote ule haukuwa na haja: sharti la visima linabana hati zinazohitaji cheti cha thamani, yaani bei ikizidi dola 3,000. Zawadi haimo, mradi hati iwe na sentensi inayosema malipo yote ni dola 3,000 au pungufu. Ikikosekana sentensi hiyo, jitayarishe kuulizwa.

Mwisho wa fomu huandikwa aliyeitayarisha hati, na bili za kodi zipelekwe kwa nani. Mwanawe aliposoma jina lake hapo, shukrani zilipungua sauti.

Tukachapa upya kwa kompyuta, majina chini ya kila mstari wa saini, tukaenda kwa notari, yule ofisa anayeshuhudia saini. Hapo la kuangalia ni muhuri: usigongwe juu ya maandishi, maana hati inapigwa picha, na kisichosomeka kwenye picha hakisomeki kwenye kumbukumbu. Ulitoka safi. Usiku ule hati ililala kwa Mjomba.

Kwenye ofisi ya kaunti dirisha la kwanza ni la kodi. Wanaangalia kama kuna malimbikizo, kisha wanagonga. Dirisha la pili ni la msajili. Karani, mama mmoja mpole, aliipokea, akanyamaza, akatoa rula.

Inchi 3 za juu za ukurasa wa kwanza ni za ofisi: hapo ndipo huingia tarehe, saa na namba ya usajili. Hutakiwi kuweka kitu. Mjomba alikuwa amepaona patupu, akajua pameachwa kwa kazi gani, akaandika Bismillahi kutoka ukingo hadi ukingo, na maua pembeni.

Karani akauliza imeandikwaje. Nikamtafsiria. Akasema ni nzuri sana, akaturudishia.

Kubandika karatasi juu yake hairuhusiwi, kwa kuwa sheria inakataa kipande kinachofunika maandishi. Nikataja tipeksi. Mjomba alinitazama kama niliyemwagia msikiti maji machafu. Ikabidi ukurasa mpya, saini mpya, notari tena. Na kwa kuwa saini mpya ni pamoja na ya mkaza mjomba, akavaa tena miwani. Safari hii bei ilikuwa tiketi ya ndege ya Mombasa, kwenda na kurudi, na mizigo miwili.

Hati ikakubaliwa. Ada ya kusajili ni dola 46, na kodi ya hati kwa zawadi ni dola 1.65, jumla 47.65. Mjomba akatoa kitabu cha cheki, akajaza taratibu, kisha akaona ule mstari wa chini kushoto wa kumbukumbu, mtupu. Akaniuliza kwa Kiswahili kama huu nao ni wa ofisi. Nikamuuliza karani. Karani akasema huo ni wake, aandike apendalo.

Tukasubiri. Foleni nayo ikasubiri. Maua yalichukua muda.