Kenya wanakuuliza ya nini, Texas hakuna anayeuliza: kuchagua bastola ya kubeba kila siku

Kenya, raia anayetaka bastola huanza kwa kujieleza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka airidhishe Bodi ya Leseni za Silaha kwamba ana sababu ya msingi, kwamba akili zake ni timamu na kwamba si mlevi. Akikubaliwa, cheti chake hutaja silaha ipi na risasi ngapi anaruhusiwa kuwa nazo. Na hata hapo hajamaliza: mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya.

Huku Texas mambo ni kinyume kabisa. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyezuiwa na sheria anabeba bastola kiunoni bila leseni yoyote. Dukani anajaza fomu namba 4473, jina lake linapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi, na mara nyingi anatoka na mzigo wake saa hiyohiyo. Ya nini? Hakuna anayemuuliza. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hata New York, iliyokuwa ikidai sababu maalumu, haina haki ya kuidai.

Msimamo wangu ni kwamba swali la Bodi ni zuri, na sisi tuliohamia huku inabidi tujiulize wenyewe kabla ya kufika kaunta. Anayefanya zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta ana jibu. Anayenunua kwa sababu kila mtu kazini anayo hana, na ataishia kuwa na kipande cha chuma asichokijua, kikizurura ndani ya nyumba yenye watoto.

Kabla ya habari za bastola, angalia makaratasi yako. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda, za masomo, kazi au matembezi, kumiliki silaha au risasi. Hata kuikodi uwanja wa shabaha kwa nusu saa kunahesabiwa kuwa ni kuwa nayo. Ipo mianya michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji, lakini hilo ni la kumuuliza wakili, si binamu. Mwenye green card anaruhusiwa. Na tafadhali, usimwombe mwenye makaratasi akununulie: tangu 2022 kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa la kujitegemea, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Kuna jamaa anayeona ni msaada wa kindugu. Akinaswa anafungwa, na wewe unafukuzwa nchini.

Sasa bastola yenyewe. Kosa kubwa la mnunuzi mpya ni kuchagua iliyo ndogo kuliko zote kwa kuwa inafichika kirahisi. Chukua Ruger LCP: bila risasi ina takriban gramu 270 na mtutu usiofika inchi tatu. Mfukoni huisikii. Lakini wepesi huo ndio unaoifanya iruke vibaya mkononi, alama zake za kulengea ni ndogo mno, na kidole cha mwisho hakipati mahali pa kushika. Mtu hupiga risasi ishirini, kiganja kikauma, akaifungia na asirudi uwanjani tena. Bastola usiyoifanyia mazoezi haikufai siku ya siku.

Kuna na tatizo la ufundi. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, inahitaji mpini uliotulia ili irudi mwendo wake wote. Kifundo cha mkono kikilegea, mpini nao unarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inapotea, na ganda tupu linabanwa kwenye tundu la kutokea maganda likiwa limesimama wima. Mpya husema bastola ni mbovu. Mara nyingi ni mshiko. Dawa ya papo hapo ni kupiga kwa kiganja kitako cha magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, kuvuta slaidi mpaka mwisho na kuiachia ghafla. Usiisindikize kwa mkono inaporudi mbele, utaikwamisha tena.

Wanawake wengi huuziwa rivolva ndogo, bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka, kwa mfano Smith & Wesson 642, wakiambiwa ndiyo rahisi. Silikubali hilo. Ni kweli haina slaidi ya kuvuta, na kwa mkono wenye baridi yabisi hilo ni jambo. Lakini inabeba risasi tano tu, ina uzito wa gramu 410 hivi, na triga yake ndefu, yaani kifyatulio, inataka nguvu ya kilo tano au zaidi, karibu mara mbili ya triga ya bastola ya Glock. Unapoikamua kwa nguvu zote hizo, mdomo wa mtutu unahama. Hiyo ni silaha ya mzoefu. Dada anayeshindwa kuvuta slaidi aelekezwe kwanza namna: bastola iwe karibu na kifua, mdomo ukielekea mahali salama na kidole nje ya triga, mkono mmoja ushike slaidi kwa nyuma na kuishikilia, kisha mkono wa mpini ndio usukume mbele. Wengi waliodhani hawana nguvu huiweza.

Wanaoanza wengi wanafaa kununua kati ya SIG P365, iliyotoka 2018 ikiwa na risasi kumi katika magazini na uzito wa nusu kilo hivi ikiwa tupu, na Glock 19 yenye risasi kumi na tano, mtutu wa sentimita kumi na uzito unaokaribia gramu 850 ikijaa. Zote hutumia risasi yenye unene wa milimita 9. FBI yenyewe iliirudia milimita 9 katikati ya muongo uliopita baada ya miaka mingi ya .40, risasi nene zaidi, kwa sababu risasi za kisasa za ukubwa huo zinaingia kina cha kutosha huku askari akipiga haraka na kwa usahihi zaidi. Hoja za kwamba unahitaji .45, iliyo nene kuliko hizo zote, ziache.

Usinunue kwa macho. Ikodi, piga risasi 50. Ukiishika, ncha ya kidole ifike kwenye triga bila kupindisha kifundo. Kitufe cha kuachia magazini ukifikie. Slaidi uweze kuivuta na kuifunga ikiwa nyuma. Kimojawapo kikishindikana, jaribu nyingine.

Ala, mfuko wa kubebea bastola kiunoni, ndiyo watu huibania pesa, na ndiyo inayowajeruhi. Ala nzuri ya plastiki ngumu, aina ya kydex, inaziba eneo lote la triga, inaibana bastola isidondoke ukiinama, na haibonyei bastola ikitoka, ili uirudishe kwa mkono mmoja. Ala ya kitambaa inajikunja. Ukiisukuma bastola ndani, mkunjo unaingia kwenye triga. Kamba ya jaketi au pindo la shati hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kurudisha bastola ni kazi ya polepole: kidole kikiwa kimenyooka nje, nguo umeivuta kando, macho yakitazama ala. Ongeza mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, maana mkanda wa kawaida unalegea na bastola inachungulia nje. Ukibeba mfukoni, mfuko huo usiwe na kitu kingine, wala funguo, wala sarafu, na ala ya mfukoni iwepo. Mkoba wa mkononi siupendi hata kidogo: unawekwa kitini kanisani, mtoto anautafuta peremende.

Kuhusu risasi, za mazoezi ni zile za kawaida zenye kichwa cha mviringo. Za kubeba ziwe zenye tundu kichwani, ambazo zikigonga hupanuka na kupunguza uwezekano wa kupita hadi upande wa pili. Kipimo cha FBI ni inchi 12 hadi 18 ndani ya jelatini ya majaribio inayoigiza mwili. Jaribu angalau mia moja za aina utakayobeba, kwa sababu bastola nyingine hukataa kuzipandisha kutoka kwenye magazini. Na hapa tofauti ya nyumba zetu inaingia. Kenya wengi tumelelewa ndani ya kuta za mawe. Nyumba za Marekani ni mbao na vibao vya jasi, na risasi ya bastola, hata yenye tundu, inaweza kuvuka kuta kadhaa za namna hiyo. Jua vitanda vya watoto viko wapi, na jirani amelala upande gani.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: ukitoa risasi kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, kila jioni na kuirudisha ileile kila asubuhi, kichwa chake kinasukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inabana, na ukiipiga shinikizo linapanda hadi kiwango cha hatari. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha sambamba mezani. Ikiwa fupi, itupe kwenye pipa la risasi mbovu uwanjani. Bora zaidi, acha bastola iliyojaa ndani ya ala yake, uiingize yote kwenye sefu.

Sefu si hiari. Texas ni kosa kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 silaha iliyojaa mahali anapoweza kuifikia. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya watu kujiua, na upweke wa ughaibuni tunaujua. Kama kuna mtu nyumbani aliyekata tamaa, hata kama mtu huyo ni wewe, bastola itoke ndani ya nyumba kwanza, mengine yatafuata.

Ingawa leseni ya kubeba ya Texas si lazima, ichukue. Ada ya serikali ni dola 40, darasa ni saa nne hadi sita, na mtihani ni risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15. Unahitaji alama 175 kati ya 250. Majimbo mengi yanaitambua, lakini California na New York haziitambui, kwa hiyo soma sheria kabla ya kuvuka mpaka. Jifunze pia vibao vya milangoni: 30.06 kinamzuia mwenye leseni anayebeba kwa siri, na 51% chekundu kinamaanisha baa, usiingie nayo.

Polisi wakikusimamisha, mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe ikiwa usiku. Texas, mwenye leseni aliyebeba akiombwa kitambulisho anatakiwa akitoe pamoja na leseni hiyo. Sema una leseni, sema bastola iko wapi, kisha usiguse chochote mpaka uambiwe. Philando Castile alikuwa na leseni na alimwarifu askari, Minnesota, Julai 2016, na bado aliuawa ndani ya gari lake. Askari huyo aliachiliwa na mahakama mwaka uliofuata. Mtu mweusi anayebeba silaha huku lazima alihesabu hilo pia anapojiuliza kama anaihitaji.

Na ukienda nyumbani Krismasi, usitumie kamwe begi la uwanja wa shabaha kama begi la safari. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono inatosha kukuweka mikononi mwa polisi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, maana huna cheti cha Kenya, na leseni ya Texas pale ni karatasi tu. Kagua kila mfuko, geuza begi juu chini, ulikung'ute, ndipo upange nguo.