Unajenga Ukuta, Ndipo Unapata Ufa

Nani aliyesema kuongeza jiko ni kubomoa ukuta mmoja tu? Aletwe hapa. Asimame mbele ya ukuta wenyewe, nyundo mkononi, arudie maneno yake.

Maana ndivyo mambo yanavyoanza. Nyumba ni ya wazee, na jiko lake lilijengwa zama ambazo mtu mmoja anapika na wengine wote wanafukuzwa. Leo familia imezaana, kila mmoja anataka kukaa jikoni, na anayepika anaruka miguu ya watu kama mtoto anayecheza kamba. Kikao kinaitwa. Tutoke nje kwa nyuma, tupate jiko kubwa na sehemu ya kulia chakula, pawe wazi, pawe na mwanga. Wazo safi kabisa. Halafu mtu anatoa simu na kuonyesha picha za makabati, na kazi yote inapotea njia hapo hapo.

Siku tatu ubishi ni mmoja: meupe au ya kijivu? Vishikio vyeusi au vya dhahabu? Shangazi hasemi na shemeji kwa sababu ya vishikio. Na katika umati wote huo hakuna hata mmoja aliyetoka nje kuangalia chemba ya maji taka iko wapi.

Iko pale pale mtakapoweka meza. Nyumba za zamani ndivyo zilivyo: bomba la jiko linatoka ukutani, linakwenda mita mbili, linaingia kwenye chemba, na chemba imekaa uani miaka yote kwa amani, imefunikwa na ndoo iliyotoboka. Ukijenga juu yake, una njia mbili: uihamishe nje ya msingi mpya, au siku ikiziba uwaombe wageni wainue miguu. Na kuihamisha kuna hesabu. Bomba la milimita 100 ukilipa mteremko wa 1 kwa 40, linashuka sentimita 2.5 kila mita. Likienda mita 6 zaidi, mwisho wake uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 15. Je, chemba inayofuata ina kina hicho? Kuifunua na kupima kwa futi kamba ni dakika kumi. Lakini dakika hizo nani anazo, na vishikio havijaamuliwa?

Halafu anatokea mwingine anayetaka sinki katikati ya chumba, kwenye kaunta ya kisiwa. Sawa, ni haki yake. Ila bomba la sinki hilo linapita chini ya sakafu, kwa hiyo linalazwa kabla ya zege. Kabla! Yeye atalikumbuka zege likishakauka, atakuja na chaki, atachora msalaba sakafuni na kusema, "Hapa tu, fundi, ni kazi ndogo."

Tuje kwenye paa. Kwenye karatasi paa ni mstari, na mstari haumgongi mtu kichwa. Tuseme ukingo wa paa la zamani uko mita 2.7 kutoka sakafuni. Mnataka kutoka nje mita 4, na paa jipya la upande mmoja lianzie chini ya ukingo huo likishuka kwa nyuzi 15. Mteremko huo kwa mita 4 unakula mita 1.07. Kwa hiyo ukuta wa mwisho unabaki na mita 1.63, na bado hamjaweka mbao wala dari. Hapo hamjapata sehemu ya kulia chakula, mmepata sehemu ya kuombea msamaha: kila anayeingia ameinama.

Mkishusha hadi nyuzi 5 mtapoteza sentimita 35 tu, vichwa vitapona. Lakini si kila bati linakubali kulala hivyo. Kila aina ina mteremko wake wa chini kabisa, na mtengenezaji ameuandika. Ukilaza zaidi ya hapo, maji yakisukumwa na upepo yanapanda kwenye maungio na kuingia ndani. Njia nyingine ni kufumua sehemu ya paa la zamani na kuunganisha mapaa mawili. Hapo kwenye maungio panazaliwa bonde linalopokea mvua ya mapaa yote mawili, pamoja na majani ya mti wa jirani. Likiwa jembamba, litafurika. Na pale paa linapogusa ukuta wa zamani, bati la kukunja lipande ukutani sentimita 15, ncha yake ya juu ichomekwe kwenye mkato uliochongwa ukutani, ndipo pazibwe. Fundi anayepaka silikoni tu na kusema "hapa hapaingii hata mbu" anasema kweli: mbu haingii, maji ndiyo yanaingia.

Sasa ufa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kuongeza jiko. Hapa unajenga ukuta kwanza, ndipo unapata ufa. Sababu yake haina uchawi. Nyumba ya zamani imekwisha kukaa. Udongo chini yake ulibanwa miaka mingi iliyopita. Msingi mpya bado haujakaa, utashuka kidogo, milimita kadhaa, na ule wa zamani haushuki nao. Ukizikumbatisha kuta mbili kwa matofali yaliyoingiliana na kuzipiga lipu moja isiyokatika, lipu itapasuka kutoka juu hadi chini. Utaiziba, utapaka rangi, itapasuka tena. Watu wataanza kumshuku jirani.

Dawa ni kuziacha zipumue: nafasi ya kama milimita 10 hadi 12 kati ya ukuta mpya na wa zamani, ijazwe kitu kinachobonyea, izibwe kwa dawa inayonyumbulika, na lipu ikatwe hapo hapo. Juu yake pigilia ubao mwembamba upande mmoja tu. Vyuma vya kuzishika kuta viwe vile vinavyoruhusu kuteleza. Na kabla ya yote, chimba shimo dogo kando ya nyumba uone msingi wa zamani umefika wapi, maana mwingine utaukuta umekaa juu ya mawe mawili na dua. Msingi mpya usikae juu ya ule wa zamani, wala usichimbe mtaro mrefu chini yake kwa siku moja. Chimba kwa vipande vya mita moja moja, jaza, ndipo uendelee.

Na ukuta ule wa kubomoa? Kuna mtaalamu katika kila ukoo, mara nyingi mjomba, anayegonga ukuta kwa vidole, anasikiliza, anatangaza kwamba haubebi kitu. Mjomba, ukuta si tikitimaji. Panda darini uone kenchi zimekaa wapi. Kama zimelala juu yake, unabeba paa, basi. Uwazi wa mita 3 hauwezwi na linta ya dirisha; hapo panatakiwa bimu, na nondo zake apige hesabu mhandisi, asikisie mtu. Ncha zake zikae ukutani angalau sentimita 15 kila upande, na kama mzigo ni mkubwa, zaidi. Mirunda iwekwe kabla tofali la kwanza halijatoka, na isiondolewe mapema: chini ya bimu ya zege siku 14 ni chache, 21 ndizo za kulala usingizi. Katika siku hizo mirunda itaanikwa nguo. Vumilia. Nguo hazina madhara, mwenye madhara ni yule anayeazima mrunda mmoja "mara moja tu."

Sakafu nayo ina ujanja wake. Mkipima kutoka kwenye zege, mmeshapotea. Mnaanza juu ya sakafu ya zamani iliyokamilika, mnahesabu kushuka: kigae sentimita 1, gundi nusu, saruji ya kusawazisha 5. Uso wa zege jipya uwe chini kwa sentimita 6.5. Mkikosea kwa 3, mnapata kidato kifupi mno kuonekana na kirefu mno kusahaulika, kilichokaa sawasawa mahali mtu anapopita na sinia.

Mwanga, kila mtu aliahidiwa mwanga. Kweli, chumba kipya kinang'aa. Nyuma yake kuna sebule iliyokuwa na dirisha la nje, na sasa dirisha lake linatazama mgongo wa friji. Mwanga wa mchana unaingia ndani kiasi cha mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni, mara mbili na nusu ukibahatika. Dirisha likiishia mita 2.1, baada ya mita 5 mnaishi kwa taa. Wekeni kioo cha paa pale nyumba mbili zinapokutana, na muwe mmekiamua wakati kenchi bado ziko kwenye karatasi.

Vipimo vya ndani nivipitie haraka, maana ubishi wake hauna mwisho. Kaunta, kina sentimita 60. Urefu, chini ya kiwiko cha anayepika kwa 10 hadi 15, ambao kwa wengi huangukia karibu na 90. Anayepika, nimesema, si anayelipa. Njia kati ya kaunta mbili, 120 kama wapishi ni wawili wasiopatana. Jiko la umeme lipewe saketi yake lenyewe, lisichomekwe kwenye waya za zamani zisizo na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Mtungi wa gesi ukae nje, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

Meza inanichosha zaidi. Kwenye ramani viti vyote vimesukumwa ndani na hakuna aliyevikalia. Mtu wa kweli anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma yake 90 za kurudisha kiti asimame. Kama kuna anayepita nyuma na sahani, 120. Meza ya upana wa 90, yenye 90 upande mmoja na 120 upande wa kupita, inataka chumba cha mita 3, kutoka ukuta hadi ukuta, na bado hakuna aliyeweka kabati la vyombo.

Na hizo kuta zenyewe hazijanyooka. Kutoka kwenye kona, pima mita 3 upande huu, 4 upande ule. Mshazari usome 5 kamili. Ukisoma 5.04, kona imefunguka sentimita 5 hivi kwenye zile mita 3, na kabati lililotengenezwa kwa kufuata ramani litaacha nafasi ambayo mende wataiona kabla yenu. Acheni kipande cha kuzibia cha sentimita 3 hadi 5 kila linapokutana na ukuta, na kaunta ipimwe makabati yakishasimama.

Basi yote yamekwisha, rangi imekauka, shangazi na shemeji wamepatana kwa vishikio vyeusi. Friji inaingizwa, inasukumwa kwenye kona yake, barabara kabisa, sawa na ukuta. Mlango unafunguka nusu. Droo za ndani hazitoki. Ilihitajika nafasi pembeni yake, na hakuna aliyeiacha. Fundi anauliza kama bawaba zinahamishika upande wa pili. Nyingi zinahamishika, ni skrubu chache tu, na maelekezo yake yamo kwenye kile kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi. Boksi ndilo lililotandikwa chini wakati wa kupaka rangi.