Msimnyang'anye Mjane Konzi Yake ya Unga

Nimetoka kwenye ibada moja ya mchana hapa katikati ya jiji la Nairobi nikiwa na uchungu, na uchungu huo haujaniisha. Mhubiri alisoma habari za mjane wa Sarepta, kisha akawaambia watu wazima, wengi wao hawajala, kwamba wanakosa kwa sababu hawajatoa. Spika ziliwekwa juu kabisa. Nambari ya kutuma sadaka kwa simu ikatajwa, ikarudiwa. Ilikuwa wiki ya kodi ya nyumba, na mnajua tarehe 5 inavyomkalia mtu kifuani. Kando yangu mama mmoja aliyepakata bahasha ya kaki, ile ya vyeti vya kutafutia kazi, alifungua mkoba akatoa simu yake.

Hebu tuisome hadithi hiyo yote, 1 Wafalme 17. Nabii Eliya alifika Sarepta akiwa na njaa. Kijito cha Kerithi, ambako kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni, kilikuwa kimekauka. Mjane alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni apikie mwanawe chakula cha mwisho. Ni kweli, Eliya aliomba apikiwe yeye kwanza, na mstari huo wahubiri wetu wanaujua kwa moyo. Mbona hawaendelei? Unga ule haukuhamishwa kwenda kwingine. Ulibaki kwenye pipa la mjane, akala yeye na nyumba yake, siku nyingi. Nabii aliishi chini ya paa lile lile akala walichokula, na mtoto alipofariki ni Eliya aliyembeba hadi chumba cha juu akamlilia Mungu mpaka uhai ukarudi. Basi anayetaka konzi ya unga ya mama yule wa bahasha na awe tayari kujua anakolala, amekula nini jana, mtoto wake anakohoa tangu lini. Kama hayuko tayari, aache pesa ya watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanaingia ibadani wamechoka na wanatoka wamechoka zaidi. Eliya huyo huyo, sura mbili mbele, anamkimbia malkia Yezebeli hadi jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea kwa imani haba. Hakumpa kazi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, "Inuka, ule," na hapo kichwani pake pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena! Akaamshwa mara ya pili, akala, ndipo akapata nguvu za kwenda mlima Horebu, safari ya siku 40. Ile sauti ya Mungu, ndogo na ya utulivu, aliisikia huko, baada ya usingizi na chakula. Ndugu yangu uliyeachishwa kazi na hulali usiku unapiga hesabu, kulala si kumkosea Mungu. Lala.

Na mana nayo, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, ilikuwa ya siku. Aliyeiweka hadi asubuhi aliikuta na mabuu. Siku ya sita tu ndipo waliokota maradufu, ili ya saba wapumzike. Watu wa mitaa yetu ya Umoja na Kayole hawahitaji kufafanuliwa hilo. Wananunua mafuta ya kupima, unga nusu kilo, tokeni za stima za jioni moja. Katika ploti yetu jirani alipokosa kazi, mama mboga alimpa sukuma akaandika kwenye kitabu, na kitabu kile hakikufunguliwa mbele za watu. Mimi nauita huo mkono wa Mungu, na sitabishana na mtu.

Nakubali, wapo wanaofarijika kwa maombi ya sauti kubwa, na aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba hawezi kuambiwa atulie tu. Huyo achangiwe kodi kwanza.

Lakini jiji hili lina kelele za kutosha: makanga wa matatu, honi, wahubiri wa bustani ya Jeevanjee. Mchana unaweza kuingia Basilika ya Familia Takatifu ukakuta watu wameketi kimya kila mmoja na lake, hakuna anayemuuliza mwenzake chochote. "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu," inasema Zaburi 46. Wachungaji wa ibada za mchana, zimeni spika dakika 10. Wekeni birika la chai na mkate mlangoni, kutoka kwa sadaka hiyo hiyo. Na mtu akisinzia kwenye benchi, mabawabu wenu wasimwamshe.