Cheo bila ngazi: muuguzi katika nyumba za wazee za England

Saa nane usiku, katika nyumba ya wazee yenye wakazi arobaini, muuguzi ni mmoja. Wenzake wa zamu ni makea watatu au wanne, yaani wahudumu wa matunzo wasio wauguzi. Bibi wa chumba cha kumi na mbili, ambaye jana alikuwa akiimba, sasa anatetemeka, mkojo kwenye mfuko umekuwa mzito na akiitwa haitiki. Jengo zima halina daktari. Halina maabara, wala sista wa wodi ya jirani wa kumwambia, "Hebu njoo umwone." Muuguzi huyo ndiye wa kuamua kama aite gari la wagonjwa, apige simu kuomba ushauri, au akae naye hapo hapo mpaka kupambazuke, kwa sababu bibi mwenyewe, alipokuwa na akili zake timamu, aliandikisha kwamba hataki tena kupelekwa hospitali. Wauguzi wengi wa hospitali hufanya kazi miaka mingi bila kuachiwa uamuzi wa namna hiyo peke yao.

Huo ndio uuguzi katika matunzo ya kijamii ya watu wazima: nyumba za wazee, watu wenye ulemavu, wanaohudumiwa majumbani mwao. Naizungumzia England, maana Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Kuhusu kazi hii kuna kauli mbili. Ya kwanza husema hapa ndipo muuguzi anapokuwa kiongozi kabla hajaota mvi. Ya pili husema hapa ndipo taaluma inapokuja kuzikwa. Nimezisikia zote kutoka kwa watu wanaoijua kazi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anadanganya.

Tuanze na hesabu. Skills for Care, taasisi inayokusanya takwimu za wafanyakazi wa sekta hii, ilihesabu nafasi za wauguzi zipatazo 51,000 mwaka 2012/13. Muongo mmoja baadaye theluthi moja hivi ilikuwa imeyeyuka. Mwaka 2021/22 kiwango cha wauguzi kuacha ajira zao kilifika asilimia 44. Wazee hawakupungua katika kipindi hicho, na wanaoingia kwenye nyumba hizo huingia wakiwa wagonjwa zaidi kuliko zamani. Wakati huo huo wauguzi wa NHS, huduma ya afya ya taifa, waliongezeka. Serikali iliyoshinda uchaguzi wa Desemba 2019 iliahidi wauguzi 50,000 zaidi, na hesabu ya ahadi hiyo ilikuwa ya NHS. Kwa hiyo muuguzi aliyetoka nyumba ya wazee akaenda hospitali alihesabiwa kuwa nyongeza. Zamu aliyoiacha wazi haikuandikwa kwenye daftari lolote la ahadi hiyo. Nadhani hakuna kinachoeleza hadhi ya wauguzi hawa vizuri kuliko hesabu hiyo.

Mzizi wake ni wa zamani. Tarehe 5 Julai 1948 NHS ilianza kazi, matibabu yakawa bure. Siku hiyo hiyo sheria nyingine iliwakabidhi halmashauri jukumu la kuwatunza wazee wasiojiweza, na huduma hiyo ikawa ya kulipia kulingana na uwezo wa mtu. Mgawanyo huo upo mpaka leo. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia matunzo yake, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 2010. Waajiri nao ni maelfu kwa maelfu, kuanzia mume na mke wenye nyumba moja hadi makampuni yenye mamia ya nyumba. Hakuna jedwali moja la mishahara linalowafunga wote. Kila mmoja ana lake.

Sasa wanaoisifu kazi hii wanasema nini? Wanasema uongozi wa muuguzi hapa hausubiri barua ya kupandishwa cheo. Anawajua wakazi wake kwa miaka, si kwa siku tatu za kulazwa. Anajua kwamba babu fulani akikataa chai kuna maambukizi yanakuja. Anatibu vidonda vya kulalia, anaweka mpira wa mkojo, anasimamia tiba shufaa ya kuwatuliza wasiopona, anakaa na familia usiku ule wa mwisho na kuthibitisha kifo kilichotarajiwa. Tangu 2020, utaratibu wa NHS unataka kila nyumba ipitiwe na timu ya kituo cha afya kila wiki. Anayeamua nani aonwe kwanza na kwa nini, mara nyingi ni muuguzi wa nyumba. Anawafundisha makea, anawakasimu baadhi ya kazi, pengine hata kuchoma insulini, na kwa kanuni za Baraza la Uuguzi na Ukunga bado anabeba dhamana ya uamuzi wa kumkasimu nani na kwa lipi. Katika miaka michache anaweza kuwa muuguzi kiongozi wa nyumba, kisha naibu meneja, kisha meneja. Mwenzake wa hospitali huenda bado yuko foleni akisubiri daraja la sita la mishahara ya NHS.

Mimi sizichukulii sifa hizo kuwa za kufariji tu. Ni za kweli. Dharau iliyoenea kwamba nyumba za wazee ni za wauguzi waliochoka au walioshindwa imeharibu mengi, kuanzia kwa mwanafunzi anayeambiwa na wakufunzi wake aanze kwanza wodini "asisahau ujuzi". Ujuzi gani unaosahaulika pale ambapo mtu ana kisukari, moyo dhaifu, dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) na maumivu asiyoweza kuyataja, na wewe huna mashine ila macho, mikono na kumbukumbu?

Ila upande wa pili nao una hoja, na hoja zake ni za fedha na za upweke. Mshahara wenyewe wa kila saa si lazima uwe mdogo. Zipo nyumba za binafsi zinazolipa zaidi ya daraja la tano la NHS, lililoanzia pauni 31,049 kwa mwaka katika 2025/26. Tofauti iko nyuma ya mshahara. Mwajiri wa NHS huchangia asilimia 23.7 kwenye pensheni ya mfanyakazi wake. Nyumba ya binafsi inaruhusiwa kisheria kuishia asilimia 3. Akiugua, wa NHS analipwa kwa miezi kadhaa kulingana na utumishi wake, ilhali wa nyumba ya wazee mara nyingi hupata kile kiwango cha chini cha kisheria tu. Ukiwa na miaka ishirini na mitano hayo huyaoni. Ukifika arobaini na tano, ukiwa na watoto na mgongo unaouma, unayaona vizuri sana.

Upweke nao una sura yake. Kila miaka mitatu muuguzi hulazimika kuthibitisha upya usajili wake: saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza, maandishi matano ya tafakuri, na mazungumzo ya tafakuri na mtu mwingine aliyesajiliwa kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hospitalini mtu huyo yuko meza ya pili. Kwenye nyumba ambayo kila zamu ina muuguzi mmoja, wenzako unawaona dakika kumi za kukabidhiana zamu, mmoja anavua koti na mwingine anavaa lake. Muuguzi mpya aliyehitimu juzi anahitaji mtu wa kusimama nyuma yake mwaka wa kwanza. Akimkosa, ule uhuru unaosifiwa ni kuachwa peke yake.

Kuna jambo moja naliona zito kuliko hayo yote. Hospitalini muuguzi anaweza kupanda sana bila kumwacha mgonjwa: akawa mtaalamu wa vidonda, wa kisukari, wa tiba shufaa, hadi muuguzi mshauri. Kwenye nyumba za wazee ngazi ni fupi, na kilele chake ni ofisi ya meneja, yaani ratiba za zamu, ankara, paa linalovuja, wakaguzi wa Care Quality Commission, tume inayosimamia ubora wa huduma hizi. Kupanda ni kuacha uuguzi. Sekta inachukua mikono yake bora kuliko yote, inaiondoa kitandani, kisha inashangaa kwa nini vidonda vimeongezeka.

Hapo ndipo linapozuka swali la nani aongoze. Sheria ya mwaka 1984 ilitaka nyumba ya uuguzi iwe chini ya daktari au muuguzi. Mwaka 2002 tofauti ya kisheria kati ya nyumba ya uuguzi na nyumba ya makazi ilifutwa, zote zikaitwa nyumba za matunzo. Leo meneja anatakiwa awe na sifa, uwezo na uzoefu unaofaa. Si lazima awe muuguzi, ingawa nyumba inayotoa huduma ya uuguzi lazima iwe na muuguzi usiku na mchana.

Wengi wanaona hayo ni maendeleo, na naelewa sababu yao. Nyumba ya mzee si wodi. Watu wenye ulemavu walipigana miaka mingi watoke kwenye mfumo uliowaita wagonjwa, uliowaamsha kwa saa ya wahudumu na kuwavisha nguo za stoo. Muuguzi aliyelelewa wodini anaweza, kwa nia njema kabisa, kuirudisha nyumba kuwa wodi: chati mlangoni, kila mtu amelala saa mbili, hakuna kutoka bustanini maana sakafu inateleza. Meneja aliyekulia kwenye kazi ya ukea au ustawi wa jamii huenda akajua zaidi kwamba mzee anayetaka kwenda baa Ijumaa ana haki ya kwenda.

Nakubaliana nao kwamba wauguzi hawakustahili kuhodhi kiti cha meneja. Lakini walipoondolewa kitini hawakupewa kingine. Kanuni zinamtambua meneja aliyesajiliwa. Hazimtambui muuguzi kiongozi. Matokeo yake, muuguzi anaweza kuwajibika mbele ya baraza lake kwa usalama wa wakazi arobaini, huku idadi ya watu wa zamu ikipangwa na mtu asiyewajibika kwa baraza hilo. Mamlaka ya kiuguzi na mamlaka ya nyumba yanaweza kuwa kwa watu wawili tofauti, na kwa nyumba nyingi ndivyo inavyofaa, ila mamlaka ya kiuguzi yangepaswa kuwa na jina lake kwenye kanuni na sauti yake kwenye kupanga zamu.

Gharama ya kukosa sauti ilionekana 2020. Kati ya tarehe 17 Machi na 15 Aprili, wagonjwa wapatao 25,000 walitolewa hospitali wakapelekwa nyumba za matunzo, wengi bila kupimwa kirusi cha korona. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera hiyo ilikiuka sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya wasio na dalili. Wakati maamuzi yale yanafanywa, wizara ya afya haikuwa na muuguzi mkuu wa matunzo ya kijamii. Wa kwanza, Deborah Sturdy, aliteuliwa Desemba 2020, maelfu ya wazee wakiwa wamekwisha kufa. Siwezi kusema angekuwepo Machi mambo yangegeuka. Naweza kusema kwamba nyumba nyingi zilikuwa na muuguzi ambaye angewaambia, siku ile ile, kinachotokea mgonjwa mmoja mwenye virusi akiingizwa kwenye korido ya watu wenye dimenshia wanaotembea chumba hadi chumba.

Wadhifa huo ni wa maana, umeipa kazi hii uso na msemaji. Ila aliye wizarani hawezi kumpandishia pensheni muuguzi wa kampuni binafsi. Hicho ndicho ninachokiita cheo bila ngazi, na ndipo naachana na wanaodhani heshima na tuzo zitawabakiza watu.

Njia ipo, na nusu yake imekwisha jengwa. NHS tayari humlipia muuguzi huyu. Kwa kila mkazi aliyepimwa na kuonekana anahitaji uuguzi, NHS huipelekea nyumba fedha kila wiki; katika 2025/26 zilikuwa pauni 254.06. Fedha hiyo huenda kwa mwenye nyumba, bila sharti kuhusu muuguzi alipwe nini wala awe na pensheni gani. Kwa nini isiambatane na sharti hilo? Wenye nyumba watajibu kwamba kiwango hakitoshi hata sasa, na kwamba nyongeza yoyote itaangukia wakazi wanaojilipia. Kwa nyumba ndogo hilo ni kweli, kwa hiyo kiwango kingepanda pamoja na sharti. Serikali inayokataa kukipandisha inaendelea kununua uuguzi kwa bei ya punguzo, na muuguzi ndiye anayelipa tofauti kutoka kwenye uzee wake mwenyewe.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya. Tanzania na Uganda ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa, hivyo waajiri hawaruhusiwi kwenda kuvuna wauguzi huko, ingawa mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Kisha Februari 2022 viza ya kazi ikafunguliwa kwa makea, na wauguzi wenye leseni za kwao wakapita mlango huo. Machi 2024 makea wapya walizuiwa kuja na familia. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa wanaotoka nje. Wa muuguzi aliyesajiliwa ungali wazi.

Wako basi, ndani ya nyumba hizo hizo zinazolia kukosa wauguzi, wauguzi waliovaa sare ya kea. Tangu Februari 2023 Baraza la Uuguzi na Ukunga linakubali, kwa baadhi ya waombaji, ushahidi wa mwajiri kuhusu Kiingereza chao, ikiwemo waliosomea uuguzi kwa Kiingereza. Baada ya hapo unabaki mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo. Lakini saini ni ya mwajiri, na viza pia ni ya mwajiri, na mwajiri huyo akimsaidia kusajiliwa anapoteza kea na pengine anampa NHS muuguzi. Nikiulizwa pa kuanzia, ningeanza na huyu: anayewajua wakazi tayari, ambaye usiku ule kwenye chumba cha kumi na mbili ndiye aliyegundua kwanza kwamba bibi hajaimba.