Niwakate na hawa wawili?

Juzi nilimweleza mwenzangu kuwa nimechukua paka wa tatu, jike wa miaka 9 aliyeachwa kwenye kituo cha wanyama hapa Houston, na kwamba alishakatwa makucha ya mbele. Akaniuliza, kwa nia njema kabisa: "Sasa si uwakate na wale wawili, wawe sawa, wasije wakamwonea?" Pale pale nilikosa la kusema. Najibu leo.

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Tunasema "kukata makucha" kana kwamba ni kucha zetu za Ijumaa. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa, kwa hiyo daktari huondoa pingili nzima ya mwisho ya kidole. Miguu ya mbele, vidole 10. Tazama kidole chako, hesabu fundo la kwanza kutoka kwenye ukucha: hapo ndipo kisu kinapopita. Na paka hutembelea vidole, si kisigino. Maisha yake yote anakanyagia pale pale palipokatwa.

Usiku wa kwanza nilimwona akiingia kwenye boksi la mchanga. Akanyanyua mguu mmoja, akaukung'uta, akanyanyua wa pili, akatoka, akaenda kukojoa kwenye zulia la bafuni. Paka wa namna hii ndio wanaoitwa wachafu na kurudishwa vituoni. Ule mchanga ulikuwa unamuuma! Nikaumwaga wote, nikamwekea karatasi laini iliyochambuliwa, na kulipokucha alikuwa ameshaitumia. Eksirei ikaonyesha kipande cha mfupa kilichosahaulika ndani ya kidole kimoja. Miaka yote hiyo.

Nakubali, mwenzangu hakukosea kila kitu. Aliyenyang'anywa makucha hubaki na meno, na huyu huwahi kuuma. Dume langu lilipomsogelea mara ya kwanza alimpiga kofi lisilonasa popote, kisha akamng'ata sikio. Ndiyo maana nilimweka chumba chake wiki tatu, wakala huku na huku ya mlango, nikabadilishana vitambaa vyao vya kulalia mpaka wakazoeana harufu. Wale wawili ninawapunguza ncha tu, kwa mkasi mdogo. Nje hatatoka kamwe, maana hawezi kukwea mti akifukuzwa.

Kuna wenye nyumba wanaoandika kwenye mkataba kuwa paka aingie akiwa amekatwa. Kisa kochi! Jimbo la New York lilipiga marufuku mwaka 2019, Maryland ikafuata mwaka 2022. Hapa Texas jimbo halijakataza, ingawa jiji la Austin lilikataza mwaka 2021. Mtu anayelipenda kochi lake anunue nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani, zao lililomlisha babu yangu kule Tanga. Paka wataliacha kochi, watanoa makucha pale.

Kwa hiyo hapana, siwakati. Na wewe unayesita kumchukua asiye na makucha kwa sababu ya wale ulio nao nyumbani, mchukue, mpe muda na mchanga laini.

Jana jioni nilimkuta kwenye hiyo nguzo. Amejinyoosha, macho amefumba, miguu ya mbele inapanda na kushuka, inapanda na kushuka kama ya paka yeyote. Kwenye kamba hakuna hata uzi mmoja uliochomoka.